WAMMA: Maji yaliyozaa viongozi Dodoma

Mwaka 1991 serikali ya Tanzania ilifikiwa na siku ya kulipa ahadi yake. Miaka 20 nyuma, mwaka 1971, ilikuwa imetangaza kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini atapata maji safi mita 400 tu kutoka nyumbani kwake, tena bure. Wafadhili waligawana mikoa: Waswidi Kanda ya Ziwa, Wadenmark Iringa, Mbeya na Ruvuma, Wafini Lindi na Mtwara. Siku ilipofika, vijiji vingi vilikuwa na mabomba makavu na mashine zilizokufa. Pampu ilikuwa mali ya serikali, na ikiharibika aliitwa mtu wa maji wa wilaya, ambaye ama hana gari, ama gari analo na mafuta hana.

Mwaka huohuo ikatoka sera mpya ya maji. Ilisema wanakijiji wachangie, wawe na mfuko wa maji na kamati ya kuusimamia. Kuandika sera ni kazi ya wiki kadhaa mezani. Kumpata mtu kijijini atakayetunza fedha za wenzake, awasomee hesabu hadharani, na amkatalie mwenyekiti wa kijiji anapotaka kukopa, hiyo ni kazi nyingine kabisa. Dodoma kazi hiyo ilifanywa na mpango ulioitwa WAMMA. Jina lilitokana na washirika wanne: WaterAid, shirika lisilo la kiserikali la Uingereza lililokuwa limeshafanya kazi nchini tangu 1983, pamoja na idara tatu za serikali, yaani Maji, Maendeleo ya Jamii na Afya.

Katika Ugogo, nchi ya Wagogo wa Dodoma, uongozi na maji havijawahi kuwa mbalimbali. Zamani mtemi, yaani chifu wa jadi, alikuwa mwenye mawe ya mvua, na mvua ikigoma, heshima yake nayo ilitetereka. Nchi yenyewe haina huruma: mvua ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, zote katika msimu mmoja, na kiangazi ni kirefu. Mito mingi ni ya mchanga. Wanawake walifukua mchanga kwenye korongo, wakasubiri maji yajikusanye chini, wakayachota kidogokidogo kwa kata, huku ng'ombe wakingoja zamu.

Watemi waliondolewa kisheria mwaka 1963. Kisha, mwaka 1971, ikaja Operesheni Dodoma. Familia zilizokuwa zimetawanyika na mifugo yao zilihamishiwa kwenye vijiji vikubwa, vingi kando ya barabara. Shule na zahanati zilikuwa rahisi kupelekwa huko, lakini maji ya juu yaliyotosha kaya chache hayakuweza kutosha mamia ya kaya na ng'ombe wao mahali pamoja. Dawa ikawa visima virefu, na kisima kirefu kinadai mashine. Hivyo vijiji vya Dodoma vikaijua Lister, injini ya dizeli inayowashwa kwa mkono, ikizungusha pampu ya Mono kwa mkanda. Kijiji kizima kikawa kinategemea mkanda mmoja.

Hapo ndipo WAMMA ilipoingia, katika wilaya za Dodoma Mjini, Dodoma Vijijini, Kondoa na Mpwapwa. Ubunifu wake unaonekana mdogo ukiuandika, lakini waliowahi kufanya kazi serikalini watauelewa: fundi wa maji, bibi maendeleo na bwana afya waliwekwa kwenye gari moja. Walibaki watumishi wa serikali na mishahara yao ya serikali. WaterAid ikaleta usafiri, posho za safari, vifaa na mafunzo. Watu watatu ambao ofisi zao hazikuwa na mazoea ya kukaa pamoja sasa walifika kijijini wakiwa na neno moja. Bwana afya alizungumzia vyoo, fundi akapima maji, na bibi maendeleo, kwa maoni yangu, ndiye aliyekuwa na kazi ngumu kuliko wote, maana yeye ndiye aliyeulizwa: “Na hiyo fedha atashika nani?”

Kisima hakikuchimbwa siku ya kwanza. Kwanza uliitwa mkutano mkuu wa kijiji, na watu wakaeleza wenyewe maji yao yanatoka wapi na nani anayafuata. Ukifika wakati wa kuchagua kamati ya maji, wanawake walitakiwa kuwa nusu ya wajumbe. Wazee wengine walilipokea sharti hilo kama adabu ya wageni, jambo la kukubali ili kisima kije. Halafu ikafunguliwa akaunti, na mchango wa kijiji ukaingizwa benki kabla ya mabomba kuletwa. Kijiji kisichokamilisha kilisubiri.

Mafunzo yaliyofuata ndiyo ninayoyaona kuwa kiini cha historia hii. Mwendesha mashine alifundishwa kubadili oili na kusikiliza mlio wa injini. Wajumbe walifundishwa kuitisha kikao, kuandika muhtasari na kumwambia anayezungumza bila kumaliza kwamba muda wake umekwisha. Mweka hazina, ambaye mara nyingi alikuwa mwanamke kwa kuwa wanakijiji waliona fedha ni salama zaidi mikononi mwake, alijifunza stakabadhi, daftari la mapato na matumizi, na safari ya benki ambayo haikamiliki mpaka watia saini wote wafike. Mwisho wa yote, alisimama mbele ya mkutano akasoma: tumepata kiasi hiki, dizeli imekula hiki, kimebaki hiki.

Chukua hesabu ya mfano tu. Kaya 300, kila moja ndoo tatu kwa siku, kila ndoo shilingi 20. Hizo ni shilingi 18,000 kwa siku, na kwa mwezi ni 540,000. Dizeli na mafundi watakula sehemu kubwa, lakini kitakachobaki ni fedha taslimu katika kijiji ambacho mtendaji alikuwa akiwafukuza watu vichakani kudai kodi ya maendeleo, kodi iliyofutwa baadaye, mwaka 2003. Ghafla kamati ya maji ikawa na uwezo kuliko serikali ya kijiji yenyewe.

Si ajabu ugomvi ulizuka. Fedha za maji ziliombwa kwa ugeni wa kiongozi, kwa kumalizia darasa, kwa mkopo wa wiki mbili usiorudi. Kisheria kamati haikuwa na ubavu wa kukataa, maana ilikuwa chini ya halmashauri ya kijiji, chombo kilichoanzishwa na sheria ya vijiji ya mwaka 1975 na kuendelezwa na sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982. Silaha yake ilikuwa mkutano mkuu tu. Mweka hazina aliyebanwa ofisini angeweza kujibu kwamba suala hilo litapelekwa kwa wananchi, na mara nyingi jibu hilo lilitosha kumfanya mwombaji akumbuke kwamba hana shida kubwa hivyo.

Wakati wenyewe ulisaidia. Vyama vingi vilirudi mwaka 1992, na uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi wa serikali za mitaa ukafanyika 1994. Kabla ya hapo, kijijini uongozi na chama vilikuwa kitu kimoja, kuanzia balozi wa nyumba kumi kwenda juu. Kamati ya maji ilimpa mtu asiye na cheo cha chama nafasi ya kuonekana akiongoza, na wanawake hasa walipita katika mlango huo. Sitadai kwamba demokrasia ya Dodoma ilizaliwa kisimani. Ninachosema ni kwamba mama aliyezoea kusomea watu mapato na matumizi hakuogopa tena kusimama kuuliza mapato na matumizi ya wengine.

Mwaka huohuo wa 1994 Bunge lilipitisha sheria iliyoanzisha Chuo cha Serikali za Mitaa, ambacho kiko Hombolo, mkoani Dodoma. Hombolo inawaandaa watumishi wa halmashauri, wenye vyeti na ajira. WAMMA iliwaandaa watu ambao watumishi hao wangetakiwa kuwajibika kwao, wakulima wasio na mshahara ambao kesho wangerudi shambani. Mkoa mmoja ulikuwa unapika pande zote mbili za meza, na nadhani hatujaipa bahati hiyo uzito wake.

WaterAid walichapisha kitabu kidogo kuhusu WAMMA mwaka 1997, na wageni wakaanza kuja kujifunza. Udhaifu nao ulikuwepo. Timu za wilaya zilitembea kwa gari na posho za mfadhili, na mfadhili anapobadili mkazo wake, gari hubaki uani. Kamati zilizofundishwa mara moja zilihitaji kufundishwa tena kila wajumbe walipobadilika, na hakuna fungu la bajeti lisilopendwa kama la kufundisha tena. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kazi ikazidi kurudi halmashauri, na mwaka 2006 ikaja Programu ya Maendeleo ya Sekta ya Maji iliyoelekeza fedha za wafadhili kwenye mpango mmoja wa taifa.

Somo la ugomvi ule wa fedha za maji, hata hivyo, liliingia kwenye sheria. Sera ya Maji ya 2002 ilitaka watumiaji maji wawe na vyombo vyenye hadhi ya kisheria, na sheria ya mwaka 2009 ikaviruhusu kusajiliwa nje ya serikali ya kijiji. Mwenyekiti hakuweza tena kukopa kwa kugonga meza. Mwaka 2019 sheria nyingine ikaanzisha RUWASA, Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, wenye makao makuu papo hapo Dodoma. Chini yake vyombo vya maji vya jamii vimeanza kuajiri wahasibu na mafundi wenye sifa, na chombo kimoja kinaweza kuhudumia vijiji kadhaa.

Kitaalamu hayo ni maendeleo. Mhasibu aliyesoma hakosei kujumlisha. Lakini vijiji vitano haviwezi kukaa chini ya mbuyu mmoja, hivyo hesabu husomwa mbele ya wawakilishi, na mapato ya siku huonekana kwenye simu ya mtu mmoja. Mwanakijiji atakayetaka kuuliza dizeli ya mwezi uliopita ilikwenda wapi atakuta katika vijiji vingi Lister imeshaondolewa na paneli za sola zimechukua nafasi yake. Swali lake sasa ni kwa nini bei ya ndoo haijashuka, na akitaka kuliuliza, inambidi kwanza ajue mwakilishi wake ni nani.