Julius Yego: bingwa wa mukuki mwenye alijifunza kwenye YouTube

Ku Lubumbashi, mutoto mwenye mukono wa nguvu wanamuweka haraka golini. Huu ni muji wa mupira: TP Mazembe imeshinda Ligi ya Mabingwa ya Afrika mara 5. Lakini kuko michezo ingine yenye inaomba mukono, sawa kurusha nyundo na kurusha mukuki. Mu Afrika ya Mashariki, mutu mwenye alifika mbali zaidi mu michezo hiyo ni Julius Yego wa Kenya.

Yego alizaliwa tarehe 4 Januari 1989 mu eneo la Nandi, fasi yenye inajulikana juu ya wakimbiaji. Yeye hakuvutwa na mbio. Alianza na miti ya kuchonga, na kisha alitafuta mwalimu wa mukuki, hakupata. Basi akaingia mu cyber na kuangalia video za mabingwa Jan Železný na Andreas Thorkildsen: namna wanakimbia, namna wanaweka muguu, namna wanaachilia mukono.

Mukuki wa wanaume uko na gramu 800 tu, na nyundo iko na kilo 7.26. Nyundo inaomba duara ya beton na wavu mukubwa wa kulinda watu. Mukuki unaomba njia ya kukimbia na kiwanja chenye hakuna watu. Lakini nguvu peke yake haitoshi: murushaji anakimbia, anasimamisha muguu wa mbele gafula, na mbio yote inapita mu mukono. Ncha ya mukuki njo inapashwa kugusa udongo kwanza.

Mu 2011, Yego alishinda zahabu ya Michezo ya Afrika ku Maputo. Kisha akapata nafasi ya kufanya mazoezi na mwalimu ku Finland. Ku London 2012 alifika fainali, akamaliza wa 12. Mwaka 2013 ku Moscow alikuwa wa 4 mu dunia. Mu 2014 akapata zahabu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ku Glasgow.

Siku yake kubwa ilikuwa Beijing, Agosti 2015. Alirusha metre 92.72, akakuwa bingwa wa dunia. Wa pili alikuwa Mwafrika pia, Ihab Abdelrahman wa Misri. Hiyo metre 92.72 ingali rekodi ya Afrika.

Ku Rio 2016 alirusha metre 88.24, kisha akaumia kifundo cha muguu na hakuweza kuendelea. Hata vile, alipata medali ya feza. Kuumia kulimurudisha nyuma miaka mingi. Ku Tokyo hakufika fainali. Lakini ku Paris 2024, akiwa na miaka 35, alirusha metre 87.72 na kumaliza wa 5.

Kongo haijapata hata medali moja ya Olimpiki. Hadisi ya Yego haiseme kwamba video inatosha. Video ilimufungulia mulango. Mwalimu, mazoezi ya inje na munganga wa kuchunga mwili njo vinasaidia mutu kubakia ndani. Kijana wa Katuba ao wa Kenya, hapa kwetu Lubumbashi, anaweza kuanza na telefone yake. Kisha hapo, iko lazima wakubwa wa michezo wamuone mapema, mbele mukono uchoke.