Swali Lililochelewa Kufika Kanda ya Ziwa

Wageni wa Mwanza huchanganya Kiseke na Kisesa. Kiseke iko ndani ya Manispaa ya Ilemela, na wengi huijua kwa nyumba zilizojengwa na mfuko wa pensheni wa PPF. Kisesa iko wilayani Magu, kwenye barabara ya kwenda Musoma. Kwa anayefuatilia historia ya tiba, tofauti ya sehemu hizi mbili haiishii hapo. Tangu 1994 kaya za Kisesa zimekuwa zikihesabiwa na watu wake wakipimwa damu kwa ajili ya utafiti wa Ukimwi, hata jina la kata hiyo likaingia kwenye majarida ya kitabibu ya dunia. Kiseke haijulikani kwa daftari la namna hiyo.

Ndivyo utafiti ulivyokwenda kando ya ziwa hili: ulifukuzia zaidi maradhi yanayomwingia mtu kutoka nje. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni iliweka Mwanza kituo kilichoshughulika na matende na kichocho. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kazi ya namna hiyo ikaangukia taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, NIMR. Konokono wa ufukweni wanaoeneza kichocho wakahesabiwa, mbu wanaoeneza matende wakahesabiwa. Saratani inayopita ndani ya ukoo, toka mzazi hadi mtoto, ilikuwa haijapata wa kuihesabu.

Si kwamba saratani haikuwepo. Ng'ambo ya ziwa, mmisionari Albert Cook alifungua hospitali ya Mengo, Kampala, mwaka 1897, na kumbukumbu za wagonjwa zikatunzwa. Mwaka 1964 J.N.P. Davies na wenzake wa Makerere walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu hizo hadi 1956, na saratani za aina nyingi zilikuwa zimo. Wanaoamini kwamba maradhi haya yameletwa na kuku wa kisasa na chipsi wangefaidika kuusoma.

Mwanza yenyewe ilipata hospitali kubwa ya rufaa mwaka 1971, ilipofunguliwa Bugando juu ya kilima chake. Kwa miaka mingi silaha yake dhidi ya saratani ya matiti ilikuwa hasa kisu cha daktari mpasuaji. Aliyehitaji mionzi alielekezwa hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kwa treni au basi. Majengo ya Ocean Road nayo ni ya 1897, yaliyojengwa na Wajerumani kwa ajili ya Wazungu. Yalifanywa taasisi ya saratani inayojitegemea mwaka 1996.

Mwaka 2011 madaktari wa Bugando walichapisha hesabu ya miaka tisa: wanawake zaidi ya 300 waliothibitishwa kwa kipimo cha kinyama kuwa na saratani ya matiti. Wastani wa umri wao haukufika miaka 50, na takriban nusu walikuwa hawajavuka 46. Marekani, nusu ya wagonjwa hugunduliwa wakiwa wameshapita 60.

Hapa ndipo watu hurukia neno vinasaba. Wangetulia kwanza. Katika sensa ya 2022 Tanzania ilikuwa na watu 61,741,120, na zaidi ya wanne katika kila kumi walikuwa chini ya miaka 15. Penye bibi wachache, wagonjwa wenye umri wa bibi nao watakuwa wachache, hata kama vinasaba havina neno. Sehemu kubwa ya ujana wa wagonjwa wa Bugando inatokana na ujana wa taifa lenyewe.

Lakini si yote. Daktari Mfaransa Paul Broca aliandika mwaka 1866 jinsi saratani ilivyoandama ukoo wa mkewe kizazi baada ya kizazi. Ilipita zaidi ya karne ndipo Mary-Claire King, mwaka 1990, akaonyesha kwamba katika baadhi ya familia ugonjwa unafuatana na sehemu moja ya kromosomu ya 17. Alichofanya ni kuzipanga familia kwa umri wa kuugua. Zile ambazo wanawake wake waliugua mapema ndizo zilizotoa ishara. Za waliougua uzeeni hazikuonyesha kitu. Jeni yenyewe, BRCA1, ilipatikana 1994, na BRCA2 ikatambuliwa muda mfupi baadaye. Jeni hizi husaidia chembe kukarabati DNA iliyokatika. Anayerithi nakala moja mbovu huanza maisha akibakiwa na nakala moja tu nzima, nayo ikiharibika, makosa hurundikana. Kampuni ya Myriad ya Utah ilimiliki hataza za jeni hizo na kutoza maelfu ya dola kwa kipimo, hadi Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua mwaka 2013 kwamba jeni ya asili haimilikiwi na mtu.

Majibu ya Afrika Mashariki yalikuja juzijuzi tu. Utafiti wa 2020 uliojumuisha wagonjwa wa Uganda na Kameruni ulikuta takriban 16 kati ya kila 100 wamebeba kasoro ya kurithi katika jeni zinazohusiana na saratani ya matiti, hasa BRCA1 na BRCA2. Mwaka 2023 ukatoka uchunguzi wa jeni hizo mbili kwa wagonjwa wa Tanzania, nao ukakuta kasoro. Tatizo ni kwamba hazina za taarifa za ulinganisho zimejaa watu wenye asili ya Ulaya, wakati Afrika ndiyo yenye tofauti nyingi zaidi za vinasaba. Kwa hiyo mwanamke wa huku anaweza kupewa jibu kwamba jeni yake ina badiliko ambalo maana yake bado haijulikani.

Kipimo ni ghali, ila swali la "kwenu nani aliwahi kuugua?" halina gharama, mradi liulizwe pande zote mbili. Wengi hutaja mama, mama mdogo na bibi mzaa mama, wakaishia hapo, maana titi huonekana ni habari ya upande wa kike. Baba naye hurithisha. Mwanamume mwenye BRCA1 mbovu anaweza kumaliza maisha yake bila uvimbe wowote, na kila mtoto wake, wa kike kwa wa kiume, ana nafasi moja kati ya mbili ya kuipokea. Shangazi aliyeolewa Sengerema na kufariki akiwa na miaka 38 anastahili kuandikwa kwenye faili la mpwa wake wa Kiseke, pamoja na umri aliougua.