Goti la kuku

Muulize muuza kuku sokoni Mlalo akuonyeshe goti la kuku. Atakushikisha pale mguu unapopinda kuelekea nyuma. Hapo ni kifundo. Goti lenyewe limejificha juu, chini ya manyoya, paja linapokwisha, nalo hukunjika kama letu.

Tulitumie neno “goti” mahali pake, kwani goti hilo lina historia. Mnamo 1874, jijini London, mtaalamu wa wanyama Alfred Henry Garrod aliwapanga ndege kwa misuli ya mapaja. Alishikilia zaidi msuli mmoja mwembamba: unaanzia nyongani, unashuka upande wa ndani wa paja, kisha kano yake inakatiza mbele ya goti kwenda kuungana na misuli inayokunja vidole. Mpasue kuku taratibu, utauona. Dudumizi anao pia. Bundi hana, wala hondohondo wa misitu ya Usambara. Kundi la wenye msuli huo Garrod alilipa jina la Kigiriki, lenye maana ya ndege wa goti la kawaida.

Mpango wake haukudumu. Wapo njiwa wenye msuli huo na njiwa wasio nao, na kasuku vilevile. Umepotea katika koo nyingi, kila ukoo kwa njia yake.