Mwanga Dirishani: Kutoka Vioo vya Kanisa hata Foto



Kurasa nyingine za kitabu hiki zinaeleza habari za watu: waliojenga, waliobatiza, waliofundisha. Ukurasa huu unataka kusema juu ya kitu ambacho kila Mkristu hukiona siku ya Mungu bila kukifikiri sana, ndicho dirisha. Mwashi huliweka ili mwanga uingie na hewa ipite, basi. Lakini tangu miaka zaidi ya 800 mafundi wa kanisa, kisha wachoraji, kisha wapiga foto, wamelifanya dirisha kuwa mwalimu wao. Na mara nyingi wamebishana juu ya swali moja: je, dirisha limewekwa ili tulitazame lenyewe, ao ili tutazame vile vinavyoangazwa nalo?

Mpiga foto wa sikukuu zetu anayajua mabishano hayo, hata kama hakusoma historia yoyote. Maarusi wanasimama mbele ya dirisha kubwa la kanisa. Akipima mwanga wa dirisha, vioo vinatoka vizuri, lakini maarusi wanakuwa weusi kama vivuli. Akipima mwanga wa nyuso, maarusi wanaonekana, na dirisha nyuma yao linakuwa jeupe tupu. Jicho la mtu hujirekebisha kila linapogeuka, ndiyo maana tunadhani tunayaona yote mawili pamoja. Apareyi haina akili hiyo. Mwenye kuishika hupaswa kuchagua.

Tena lugha yetu yenyewe inatuonya. Kwa Kiswahili neno kioo ni kile kinachopitisha mwanga, na vilevile kile kinachomrudishia mtu sura yake. Mataifa mengine yana majina mawili, sisi tunalo moja. Mtume Paulo alipowaandikia Wakorinto juu ya kuona kwa kioo, alifikiri kioo cha madini kilichosuguliwa, kwani ndicho watu wa nyakati zile walichojitazamia, na sura iliyoonekana mle haikuwa safi kama leo.

Historia yenyewe inaanzia mbali na hapa, katika monasteri ya Saint-Denis, karibu na Paris, walipozikwa wafalme wa Ufaransa. Abati wa monasteri ile aliitwa Suger. Wazazi wake hawakuwa wakubwa, naye alitolewa kwa wamonaki akiwa mtoto; lakini mwaka wa 1122 akawa abati, na baadaye mfalme Louis VII alipokwenda vitani katika nchi za Mashariki, Suger ndiye aliyeutunza ufalme. Mtu huyu alilibomoa kanisa la zamani upande wa altare na kulijenga upya. Tarehe 11 mwezi wa sita 1144 sehemu ile mpya ilibarikiwa mbele ya mfalme na maaskofu wengi. Ukuta mnene wa zamani ulikuwa umetoweka. Mahali pake palisimama nguzo nyembamba, na kati ya nguzo madirisha makubwa ya vioo vya rangi.

Suger aliandika kitabu juu ya kazi ile, nasi tunajua kwayo kwamba alimweka fundi wa kuyatunza madirisha, kwa sababu ya bei yake kubwa. Katika dirisha moja alijiweka yeye mwenyewe, mdogo, amelala kifudifudi miguuni pa Bikira Maria anayepashwa habari na malaika. Wengine watasema ni kiburi. Mimi naona afadhali abati anayelala chini katika kioo kuliko yule anayeketi katika kiti cha dhahabu.

Lakini si wote waliomsifu. Katika karne ileile wamonaki wa Cîteaux, ndugu za Mtakatifu Bernardo, waliandika katika sheria zao kwamba madirisha yao yawe meupe, bila misalaba na bila sanamu. Kwao mwanga ulitosha. Kuupaka rangi ni kuwasumbua wenye kusali. Basi mabishano yale hayakuletwa na watu wasioamini. Yalizaliwa ndani ya Kanisa, kati ya watu watakatifu.

Ni vizuri kueleza namna kazi yenyewe ilivyofanywa. Mafundi walichukua mchanga na majivu ya miti, wakaviyeyusha pamoja katika moto mkali. Rangi ilitoka katika madini: shaba ilitoa nyekundu na rangi ya majani, manganezi ilitoa zambarau, kobalti ilitoa buluu. Wakati ule kobalti yao ilichimbwa katika milima ya Ulaya, wala hawakujua jina lake. Leo zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia inatoka katika Kongo, na ndugu zetu wa Kolwezi na Likasi wanaijua kazi yake na jasho lake kuliko watazamaji wa vioo. Kioo kilipopoa, fundi alikikata kwa chuma cha moto, akachora macho, mikono na mikunjo ya nguo kwa rangi nyeusi iliyochanganywa na divai ao hata mkojo (monaki Teofilo aliyaandika hayo katika karne ya 12 bila haya yoyote), akaitia tena motoni. Mwisho vipande viliunganishwa kwa risasi, ile madini laini iwezayo kupindwa kufuata kila umbo.

Mahali ambapo kazi hii inaonekana kwa wingi kuliko pengine popote ni kanisa kuu la Chartres. Moto uliliteketeza mwaka wa 1194. Katika vioo vilivyopona mlikuwamo sanamu ya Bikira Maria mwenye vazi la buluu, na watu wakaiweka ndani ya dirisha la kanisa jipya, nayo ingali pale. Madirisha mengine, zaidi ya 150, yalitengenezwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 13. Yapo ya watakatifu na wafalme. Lakini mwenye kuinama na kutazama sehemu za chini ataona watu wengine: mwoka mikate na mikate yake, mshona viatu, mwashi, seremala wa magurudumu, mwenye kuuza manyoya ya nyama, mbadili pesa mezani pake. Zamani waandishi walisema bila shaka kwamba vyama vya kazi hizo vilitoa mali ya kununua madirisha. Siku hizi wataalamu hawakubaliani. Wengine wasema mapadri wakubwa wa kanisa lile waliamuru sanamu hizo ziwekwe, na kwamba wafanyakazi hawakuwa na vyama vyenye nguvu hivyo. Mimi nasadiki kwamba neno moja halibishaniwi: jina la aliyelichora kanisa la Chartres halijulikani, na mwoka mikate angali akipitishiwa jua kila asubuhi.

Vioo hivi vimeishi kwa sababu watu walivipanda na kuvishusha. Katika vita ya kwanza ya dunia viliondolewa. Mwaka wa 1939 tena, kabla mabomu hayajaanguka, mafundi waliving'oa kipande kwa kipande, wakavitia katika masanduku na kuvificha. Vita ilipokwisha vilirudishwa. Halafu, katika miaka ya 1970, mafundi walisafisha madirisha ya upande wa magharibi, yaliyokuwa yamefunikwa na uchafu wa karne nyingi, na makelele makubwa yakatokea. Wachoraji walilalamika kwamba buluu imepoteza siri yake, kwamba sasa mwanga unaingia mno. Mafundi walijibu kwamba kioo kisiposafishwa kitaliwa na ugonjwa wake. Wote wawili walikuwa na sababu. Watu walikuwa wamelipenda giza lile kwa muda mrefu hata wakalifikiri ni kazi ya fundi.

Wachoraji wa turubai na mbao nao walijifunza kwa dirisha. Katika mji wa Gent, Ubelgiji, Jan van Eyck alimaliza mwaka wa 1432 sanamu kubwa ya altare ya Mwanakondoo. Aliuchora mwanga wake kana kwamba unatoka katika madirisha yenyewe ya kikanisa ambamo sanamu ingewekwa, hata vivuli vikaanguka upande unaofaa. Mwalimu wa katekismu angeweza kueleza zaidi, kwani wahubiri wa wakati ule walipenda kusema kwamba jua linapita katika kioo bila kukivunja, na kwa mfano huo walifundisha juu ya ubikira wa Maria.

Miaka 200 baadaye, katika Delft, Uholanzi, Johannes Vermeer alichora vyumba vidogo vyenye dirisha upande wa kushoto, karibu kila mara kushoto. Katika sanamu moja, iliyoko Dresden, msichana anasoma barua mbele ya dirisha lililofunguliwa, na uso wake unaonekana mara ya pili katika vioo vya dirisha, hafifu, umekatwakatwa na risasi. Ukuta nyuma yake ulikuwa mtupu, na wasomi wengi waliusifu utupu ule. Mwaka wa 2021 kazi ya kuisafisha ilikwisha: chini ya rangi ya ukuta alikuwamo Kupido, mungu wa mapenzi wa Waroma, mkubwa, aliyechorwa na Vermeer mwenyewe na kufunikwa na mkono wa mtu mwingine baada ya kufa kwake. Barua ile, basi, ni ya mapenzi.

Tangu mwanzo wa karne ya 14 mafundi wa vioo walikuwa wamevumbua kwamba dawa ya madini ya fedha, ikipakwa juu ya kioo na kuchomwa, hutoa rangi ya manjano safi. Hakuna aliyejua wakati ule kwamba chumvi za madini yaleyale zinageuka nyeusi zikiguswa na mwanga, wala kwamba siku moja zitaandika sura za watu. Jina fotografia, kwa Kigriki, ni kuandika kwa mwanga.

Foto ya zamani kuliko zote zilizohifadhiwa, iliyopigwa kwa apareyi, ni mandhari ya dirishani. Mfransa Nicéphore Niépce aliipiga mwaka wa 1826 ao 1827, nyumbani kwake Saint-Loup-de-Varennes. Yeye hakutumia fedha bali lami, aliyoipaka juu ya bamba la bati na risasi. Aliweka sanduku lake dirishani na kungoja saa nyingi, labda siku kadhaa. Jua lilizunguka, ndiyo maana kuta za upande huu na za upande ule zote zinaonekana zimeangazwa. Bamba hilo liko leo Austin, katika Marekani. Mtu akisimama mbele yake wima haoni kitu ila mng'ao wa madini. Sharti asogee pembeni, ndipo mapaa yanatokea.

Mwaka wa 1835 Mwingereza William Henry Fox Talbot, mwenye kukaa Lacock, alipiga dirisha lenyewe kwa karatasi yenye chumvi ya fedha. Nyumba yake ilikuwa monasteri ya masista tangu karne ya 13, hata mfalme Henri VIII alipoifunga katika mwaka wa 1539. Foto ile ni ndogo kama tembre ya posta. Talbot aliandika pembeni kwamba mwanzoni vioo vyake, kama 200, vilihesabika kwa msaada wa lenzi. Nayo ni negatifu: mwanga umekuwa weusi, mbao za dirisha zimekuwa nyeupe. Ni negatifu ya zamani kuliko zote zilizobaki, na kutoka njia hiyo zilitoka foto zote za karatasi ambazo wazee wetu walizitia katika fremu ukutani.

Vita za karne ya 20 zilivunja vioo vingi visivyofichwa kwa wakati. Kanisa kuu la Reims lilichomwa kwa mizinga mwezi wa tisa 1914. Mwaka wa 1974 liliwekewa madirisha ya Marc Chagall, Myahudi aliyezaliwa katika nchi ya Belarusi ya leo, aliyeweka pamoja Abrahamu na Kristu msalabani katika buluu moja.

Kabla ya hayo, huko Vence, Henri Matisse, mgonjwa na mzee, ambaye hakuwa mtu wa kwenda Misa, alijenga kikanisa kwa ajili ya masista Wadominikani, kwa sababu mmoja wao alikuwa amemwuguza kabla hajaingia utawa. Kilibarikiwa mwezi wa sita 1951. Kuta ni vigae vyeupe vyenye mistari myeusi tu. Vioo vina rangi tatu: buluu, majani, manjano. Buluu na majani vinaonyesha bustani iliyoko nje. Manjano alikifanya kizito, ili jicho likifika pale lirudi ndani. Jua likizunguka, rangi zinaanguka juu ya vigae na kutembea polepole ukutani, nao wakaaji wa mle wanajua saa kwa kuzitazama.

Mwaka wa 2007 mchoraji Gerhard Richter alitia katika kanisa kuu la Köln, Ujerumani, dirisha la vipande 11.263 vya mraba, vya rangi 72, bila mtakatifu hata mmoja. Kompyuta iligawa rangi nyingi kwa bahati. Askofu mkuu wa mji, Kardinali Meisner, hakulipenda, akasema wazi kwamba lingefaa zaidi katika msikiti; wengine walimjibu katika magazeti. Kardinali amekwisha kufa, dirisha liko. Linaelekea kusini, na jua likiwa juu, nguzo na sakafu hujaa madoa ya rangi. Wapo wageni wanaoligeuzia dirisha mgongo, wakiinamisha apareyi zao chini, wakipiga foto ya mawe.