Karatasi ya Babu na Swali la Wakili

"Wakili wa nini, dada? Mjumbe yupo, serikali ya mtaa ipo, mashahidi wapo. Unataka nini tena?"

Dalali aliyenipeleka Kimara mwaka jana kuangalia nyumba ya vyumba vitatu ndiye aliyeniambia hivyo, kwa sauti ya mtu anayenionea huruma. Na hoja yake haikuwa ya kijinga. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam imenunuliwa namna hiyo hiyo. Familia yetu wenyewe imekaa Manzese tangu miaka ya 1970 kwa nguvu ya karatasi moja iliyochanwa kwenye daftari la shule, ina sahihi mbili, dole gumba moja na muhuri uliofifia.

Karatasi ile niliisoma mara nyingi utotoni. Inataja nyumba ya miti na udongo, minazi miwili na mwembe mmoja. Neno "ardhi" halimo. Nilidhani babu na muuzaji wake walipitiwa tu. Nilipofika chuo kikuu ndipo nikajua kwamba walikuwa wanaijua sheria kuliko mimi.

Mwaka 1895 serikali ya Kijerumani ilitoa amri kwamba ardhi ya koloni lake hapa ni mali ya dola, isipokuwa pale mtu anapoweza kuthibitisha kuwa ni yake. Mzungu alithibitisha kwa karatasi. Mwenyeji alikuwa na shamba lake, makaburi ya wazee wake na majirani. Waingereza nao wakaja na sheria yao ya mwaka 1923 iliyoifanya ardhi yote kuwa ya umma chini ya mamlaka ya Gavana. Mwaka 1928 ikarekebishwa ili mwenyeji anayekalia ardhi kwa mila ahesabiwe kuwa na haki ya kuikalia.

Kisha akaja Nyerere. Mwaka 1958, kabla ya uhuru, aliandika kijitabu kiitwacho Mali ya Taifa. Hofu yake ilikuwa rahisi kueleweka: katika nchi ya maskini, ukiruhusu ardhi iuzwe kama kanga, mwenye fedha atainunua yote na waliobaki watakuwa wapangaji kwao. Mwaka 1963 umiliki wa ardhi wa moja kwa moja ukafutwa, ukageuzwa kuwa upangaji wa serikali, na mwaka 1969 upangaji huo nao ukageuzwa kuwa haki ya kumiliki kwa muda maalumu. Ardhi tupu ikawa haina bei mbele ya sheria. Kilichouzwa ni maendelezo, yaani jasho lililowekwa juu yake. Ndiyo maana babu alinunua minazi. Ilibidi tufike Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ndipo ikaandikwa wazi kwamba ardhi yenyewe ina thamani.

Sasa katika dunia ile, wakili angefanya kazi gani? Mjumbe wa nyumba kumi, aliyeletwa na TANU katikati ya miaka ya 1960, alimjua muuzaji, mkewe, wadeni wake na mpaka ulipopita. Mjumbe ndiye aliyekuwa daftari la ardhi. Hata neno lenyewe, wakili, kabla ya kuvaa joho jeusi lilikuwa na maana ya mtu anayesimama badala yako. Mtaani kila mtu alikuwa na wa kumsimamia.

Au tuseme karibu kila mtu.

Mwaka 1987 bibi alikwenda msibani Morogoro. Aliporudi alikuta watu wanachimba msingi uani. Babu alikuwa ameuza nusu ya kiwanja, na jiko la bibi lilikuwa humo. Mjumbe alishuhudia, majirani walishuhudia, muhuri ukagongwa. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyeghushi. Bibi alihamisha mafiga akayaweka ukumbini na hakulisema tena jambo hilo, ila mpaka anafariki hakuwahi kulipita lile eneo bila kugeuza uso.

Kilichoniuma baadaye ni kukutana na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kifungu cha 59 kinasema mume au mke hawezi kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na kinampa huyo mwenzake haki ya kuweka zuio. Ilikuwa na umri wa miaka 16 siku ile bibi alipopanda basi la Morogoro. Ilikuwa upande wake, ila pale mtaani hakuna aliyejua kwamba ipo.

Sisemi kwamba haki huanza na karatasi. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika shauri la mkulima Lohay Akonaay na mwanawe Joseph kutoka Mbulumbulu, mkoani Arusha, ilisema kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba, hata kama haina hati. Nilifurahi niliposoma hukumu ile. Lakini angalia walikotoka mpaka kuipata: haki waliyokuwa nayo siku zote iliwabidi kuifuata hadi mahakama ya juu kabisa nchini.

Nikiwa Kimara nilikumbuka yote hayo kwa sababu ndogo tu. Mzee muuzaji alituketisha sebuleni, tukazungumza bei. Mkewe akaleta maji ya kunywa, akasimama kidogo mlangoni, akaondoka. Dalali hakumtazama. Na mimi, nikiri tu, nilikuwa nahesabu madirisha.

Nilitafuta wakili wangu mwenyewe, si yule ambaye dalali alisema "anatumikia pande zote". Gharama iliniuma. Aliangalia hati kwenye ofisi ya ardhi, akaniambia mkataba wa ardhi usio na maandishi mahakama haitaulazimisha, akanikumbusha kodi na taarifa ya kupeleka kwa Kamishna. Ofisi ya mtaa inaweza kumtambua mkazi, alisema, lakini haiuzi ardhi wala haiihamishi. Halafu akauliza swali ambalo hakuna aliyeuliza Manzese mwaka 1987: "Mke wa muuzaji anasemaje?"

Tukarudi. Safari hii mama yule aliketi. Alisema hapingi kuuza, mzee anaumwa na fedha zinahitajika. Ila kuna mjukuu yuko darasa la saba shule ya jirani. Akihamishwa sasa hivi atafeli. Aliomba wakae mpaka mtihani uishe. Mzee alishangaa, akasema hakujua kama jambo hilo linamsumbua mkewe. Wakili akaandika kifungu cha mistari mitatu kuhusu tarehe ya makabidhiano. Mama akasaini fomu ya ridhaa polepole, herufi kwa herufi.

Kwa hiyo msomaji akiniuliza kama aweke wakili anaponunua au kuuza nyumba, nitamjibu ndiyo, ingawa najua mawakili nao wamo wazembe na wamo wenye tamaa. Mfumo wa babu ulifanya kazi kwa miaka mingi kwa sababu watu walikumbuka. Mashahidi wote wa karatasi ile sasa wamekufa, muhuri hausomeki, na jiji limejaa watu tusiojuana. Na hata wakati watu wanakumbuka, walikumbuka waliyotaka kukumbuka.

Nilihamia Kimara baada ya mtihani. Jikoni nilikuta mafiga matatu yamepangwa vizuri pembeni. Sijayatoa.