Haki ya mazingira safi: ilikotoka na inavyofika mahakamani

Tarehe 6 Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya iliwarudishia wakazi wa Owino Uhuru, mtaa wa mabanda ulioko Mombasa upande wa bara, fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya ambayo Mahakama ya Rufaa ilikuwa imeitengua mwaka uliotangulia. Wakazi hao waliwashtaki wenye kiwanda kilichopakana na nyumba zao, pamoja na mamlaka za serikali zilizokiachia kifanye kazi, kwa kuwatia sumu ya madini ya risasi. Hoja iliyoibeba kesi ni sentensi fupi iliyomo katika ibara ya 42 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, inayompa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya.

Haki hiyo, kwa maneno yanayofanana na hayo, inatambuliwa leo kisheria na nchi zaidi ya 150. Tangu mwaka 2022 imo pia katika azimio la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa. Wasikilizaji wengi hujiuliza, na si bila sababu, maazimio ya namna hiyo yana faida gani kwa mtu anayeishi kando ya jaa la taka au bomba la maji machafu. Jibu linaanzia kwenye swali ambalo mahakimu huliuliza kabla ya kusikiliza neno lolote kuhusu moshi au sumu: wewe unayelalamika ni nani, na jambo hili linakuhusu vipi?

Mwaka 1989 swali hilo lilimshinda Wangari Maathai. Serikali ya Kenya ilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru jijini Nairobi, lenye makao ya chama tawala cha KANU na gazeti lake. Bi Maathai alikwenda Mahakama Kuu kuomba ujenzi uzuiwe. Ombi lake lilitupwa pasipo kuchunguzwa kama bustani ingeharibiwa au la, kwa maelezo kwamba hakuwa na hadhi ya kusimama mbele ya mahakama: hasara ambayo yeye angeipata haikuzidi ile ya Mkenya mwingine yeyote. Kwa mantiki hiyo, kitu kilicho mali ya wote hakikuwa na mtu wa kukitetea, maana kila aliyejitokeza angeambiwa kwamba hakuumia kuliko jirani yake. Jumba lenyewe halikujengwa, kwa kuwa kelele za wananchi ziliwafikia wafadhili wa nje nao wakarudi nyuma. Mahakama haikuwa na mchango katika hilo.

Jijini Dar es Salaam, karibu miaka hiyo hiyo, wananchi walipita njia nyingine. Wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji mwaka 1988 kwa kumwaga na kuchoma taka katikati ya makazi yao, wakashinda. Halmashauri ilirudi mahakamani zaidi ya mara moja kuomba iongezewe muda wa kuendelea kumwaga taka palepale, hadi Jaji Lugakingira akashangaa waziwazi kwamba chombo cha umma kinathubutu kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Mwaka 1991 ikaja zamu ya wakazi wa Kunduchi Mtongani. Katiba ya Tanzania haikuwa, na hadi leo haina, ibara inayotamka haki ya mazingira. Mahakama Kuu iliegemea ibara ya 14, inayolinda haki ya kuishi, ikaona kwamba kumfukizia mtu moshi wa taka usiku na mchana ni kuyashambulia maisha yake. Baadaye Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ikatamka bayana kuwa kila anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya.

Mfasiri aruhusiwe hapa kusema jambo moja. Maneno “mazingira yenye afya” tumeyazoea katika habari, lakini masikioni mwa Mswahili yana ukakasi kidogo, kwani afya ni ya mtu, na mazingira ni yale yanayomzingira. Ukakasi huo, hata hivyo, una mafunzo yake. Kinachopimwa mbele ya hakimu mara nyingi ni damu ya mtoto, na ni kupitia damu hiyo udongo na hewa vinapata ushahidi.

Afrika ilitangulia

Mara nyingi haki hii huelezwa kana kwamba imeteremka kutoka Geneva na New York. Kwa kweli chombo cha kimataifa kilichotangulia kuiandika katika mkataba unaofunga nchi kilikuwa cha Afrika. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, uliopitishwa Nairobi mwezi Juni 1981 na kuanza kutumika Oktoba 1986, unasema katika ibara ya 24 kwamba watu wote wana haki ya mazingira ya kuridhisha yanayofaa kwa maendeleo yao. Azimio la Stockholm la mwaka 1972 liliwahi kugusia wazo hilo, lakini halikuwa mkataba.

Ibara hiyo ilikaa miaka mingi bila kutumiwa. Ilipotumiwa, ilikuwa kwa ajili ya Waogoni wa Nigeria, ambao ardhi na mito yao ilikuwa imechafuliwa na mafuta. Mwaka 2001 Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba serikali ya Nigeria ilikiuka ibara ya 24, kwa kushindwa kuwalinda raia wake dhidi ya madhara ya uchimbaji ambao yenyewe ilikuwa mshiriki. Septemba 2023 Mahakama ya Afrika, yenye makao yake Arusha, ikafuata njia hiyo katika shauri la taka zenye sumu zilizoshushwa kutoka meli ya Probo Koala na kumwagwa Abidjan mwaka 2006. Iliona kwamba Côte d'Ivoire haikuwalinda watu wake kama mkataba unavyotaka.

Umoja wa Mataifa ulichelewa. Baraza la Haki za Binadamu lilipiga kura Oktoba 2021: nchi 43 zikaunga mkono, 4 zikajizuia. Kisha tarehe 28 Julai 2022 Baraza Kuu likatambua kuwa mazingira safi, yenye afya na endelevu ni haki ya binadamu, kwa kura 161 bila hata moja ya kupinga. Nchi 8 zilijizuia, zikiwemo China, Urusi na, katika ukanda wetu, Ethiopia. Azimio la Baraza Kuu halina nguvu ya sheria, na baadhi ya wajumbe waliolipigia kura walihakikisha kulisema hilo kwenye kumbukumbu za kikao. Lakini maneno yakishaandikwa huanza kutembea yenyewe. Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ikitoa maoni yake kuhusu wajibu wa nchi katika mabadiliko ya tabianchi, ilisema kwamba bila haki hiyo haki nyingine za binadamu haziwezi kufaidiwa.

Owino Uhuru

Tuurudie mtaa wa Owino Uhuru, kwa sababu hapo ndipo tofauti kati ya mwaka 1989 na sasa inaonekana. Kiwanda kilianza kazi mwaka 2007, kikiyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata risasi. Kazi hiyo hutoa moshi, vumbi na maji yenye tindikali. Risasi haina harufu ya kumwonya mtu. Hutua juu ya mabati, juu ya nguo zilizoanikwa na juu ya udongo ambamo watoto huchezea, kisha huingia mwilini kwa pumzi au kwa mkono unaopelekwa kinywani. Huathiri ubongo wa mtoto unaokua, hujificha katika mifupa kwa miaka mingi, na mama mjamzito humpitishia aliye tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Phyllis Omido aliajiriwa kiwandani hapo mwaka 2009, na kazi yake ilikuwa kushughulikia uhusiano na jamii. Mwanawe mchanga aliugua, na vipimo vilipofanywa vilionyesha sumu ya risasi. Aliacha kazi akaanza kuwahamasisha wakazi, akakamatwa, akashtakiwa, akaachiwa. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka uliofuata Bi Omido alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Mwaka 2016 shirika alilolianzisha likafungua kesi kwa niaba ya wakazi wapatao 3,000.

Safari hii hakuna aliyeweza kuwafukuza mlangoni. Ibara ya 70 ya Katiba inamruhusu mtu yeyote anayeona haki ya mazingira inavunjwa, au inaelekea kuvunjwa, kwenda mahakamani, na inasema wazi kwamba halazimiki kuonyesha kuwa kuna aliyepata hasara au majeraha. Kikwazo kilichomrudisha Bi Maathai nyumbani kiliondolewa na waandishi wa Katiba kwa aya moja.

Vikwazo vingine vilibaki. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwapa wakazi ushindi. Iliwagawia lawama wenye kiwanda na vyombo vya serikali, ikiwemo mamlaka ya mazingira ya NEMA, ikaamuru fidia ilipwe na udongo usafishwe katika miezi minne, la sivyo zilipwe shilingi milioni 700 za kazi hiyo. Wadaiwa walikata rufaa. Juni 2023 fidia ikaondolewa, kwa hoja iliyohusu jinsi ilivyokadiriwa. Ndipo ikaja hukumu ya Desemba 2024. Kutoka kufunguliwa kesi hadi hapo ni miaka minane, na mtoto aliyezaliwa mwaka kiwanda kilipoanza alikuwa ametimiza 17.

Kwa nchi zinazotuzunguka, maneno ya msingi tayari yapo. Katiba ya Uganda inayatamka katika ibara ya 39, ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo katika ibara ya 53, na ya Rwanda nayo inayo. Anayetaka kujua haki hiyo ina uzito gani mahali alipo asiishie kwenye ibara inayoitangaza. Atafute pia ile inayosema ni nani anayeruhusiwa kushtaki, anatakiwa kuthibitisha nini, na nani atalipa gharama akishindwa. Vipimo vya damu na vya udongo vina bei, na wakazi wa mtaa wa mabanda hawana maabara. Owino Uhuru walipata mtu aliyevibeba vipimo hivyo kwa sababu kilichomuuguza mwanawe ndicho kilichowauguza wao. Risasi, tofauti na taka za Tabata, haiozi: isipochimbwa na kuondolewa, hubaki ardhini pale ilipotua.