Kasuku huishi miaka 40, hamu ya mfugaji huisha mapema

MTU anayenunua kasuku kwa kawaida huwaza siku ndege huyo atakapotamka jina lake. Ni wachache wanaowaza mwaka wa ishirini tangu siku hiyo. Kasuku wa kijivu wa Afrika, mwenye mkia mwekundu na mdomo mweusi, anaweza kuishi miaka 40 hadi 60 akitunzwa vizuri. Hamu ya mfugaji haina umri huo. Hupanda haraka, hushuka, na katika nyumba nyingine hairudi tena.

Wahenga walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Kwa mfugaji wa kasuku, methali hiyo ina uzito wa pekee, kwa kuwa mabadiliko ya hisia zake humwathiri kiumbe mwenye akili na kumbukumbu, ambaye hawezi kuondoka mwenyewe.

Miezi ya furaha

Kinda wa kasuku huletwa nyumbani akiwa mpole. Macho yake huwa meusi, kisha hugeuka kijivu, na mwishowe manjano iliyofifia kadiri anavyokua. Hukubali kushikwa na kila mtu, hulishwa kwa mkono, na hulala mapema.

Katika kipindi hiki mfugaji huwa hachoki. Hununua tundu, hutafuta matunda, huwaita majirani waje kumwona. Maneno ya kwanza, ambayo kwa kasuku wa kijivu mara nyingi husikika anapokaribia mwaka mmoja au baada ya hapo, huongeza shangwe ndani ya nyumba.

Hata hivyo, ni katika miezi hiyo hiyo ambapo mazoea mabaya hujengwa. Mfugaji mwenye hamu humbeba ndege saa zote, naye huzoea kwamba siku nzima ni yake. Saa hizo zinapopungua baadaye, kasuku huona kuwa ametupwa.

Ndege anapopevuka

Mabadiliko makubwa huja kasuku anapopevuka, kwa kawaida kati ya miaka mitatu na sita. Ndege aliyekuwa mpole huanza kulinda tundu lake, huchagua mtu mmoja wa kumpenda na kuwauma wengine. Mara nyingi anayechaguliwa si yule aliyemnunua.

Hapo ndipo hamu ya wengi huanza kupoa. Mdomo wa kasuku uliumbwa kuvunja kokwa ngumu, na kidole cha binadamu hakiwezi kushindana nao. Kelele za alfajiri na jioni, ambazo porini ni njia ya kundi kuitana, huwa kero katika nyumba za kupanga zenye ukuta mmoja na jirani. Aidha, kasuku wa kijivu hutoa unga mweupe kutoka katika manyoya yake, unga unaoweza kuwasumbua wenye pumu.

Kinachokosewa na wengi ni kuamini kwamba ndege ameharibika. Ukweli ni kwamba amekua. Tabia zinazomchukiza mfugaji ndizo ambazo zingemsaidia kupata mwenza na tundu la mti msituni.

Anaposukumwa pembeni

Hatua inayofuata huja bila uamuzi wa wazi. Mtoto huzaliwa, kazi hubadilika, familia huhama. Tundu lililokuwa sebuleni huhamishiwa barazani, kisha uani. Chakula hubaki mbegu za alizeti peke yake, kwa kuwa ni rahisi kumwaga katika kopo.

Mwili wa kasuku hueleza kilichotokea. Lishe ya mbegu tupu humnyima vitamini A na madini ya kalsiamu, upungufu ambao kwa kasuku wa kijivu unaweza kuleta kifafa. Upweke nao huweza kumfanya ajinyonyoe manyoya hadi kifua kibaki wazi. Tabia hiyo ina sababu nyingi, zikiwamo magonjwa, hivyo daktari wa mifugo hana budi kumwona ndege kabla ya lawama kutupiwa upweke pekee.

Ukubwa wa akili ya ndege huyu ulidhihirishwa na kasuku wa kijivu aliyeitwa Alex. Mtafiti Irene Pepperberg alimnunua mwaka 1977 katika duka moja mjini Chicago, Marekani. Alex alijifunza zaidi ya maneno 100, akataja rangi na maumbo, na kuhesabu vitu hadi sita. Alikufa Septemba 2007 akiwa na umri wa miaka 31.

Kisa cha Alex hutajwa zaidi kwa ajili ya akili yake, lakini kina funzo pia kwa mfugaji. Kwa miaka 30 ndege huyo alikuwa na watu wa kuzungumza naye kila siku, na kazi hiyo iligawanywa kati ya mtafiti, wasaidizi na wanafunzi. Haikutegemea hamu ya mtu mmoja.

Mapenzi yanapotulia

Si kila mfugaji huishia kuchoka. Wako wanaovuka miaka migumu na kufika katika mapenzi ya aina nyingine, yasiyo na shangwe lakini yenye utaratibu. Hawa hawamshiki ndege saa zote wala hawamsahau. Humfungulia tundu kwa saa zilezile kila siku, humpa mboga za majani na matunda, na humwachia vipande vya mbao atafune.

Wafugaji hao hujifunza pia hatari ambazo mgeni hazijui. Parachichi na chokoleti ni sumu kwa kasuku. Moshi wa kikaango kisichoshika chakula, kikipata joto kupita kiasi, unaweza kumuua katika muda mfupi.

Jambo linalowatofautisha na walioacha ni kwamba walipunguza matarajio. Hawakudai tena kasuku awe mtoto wala mchekeshaji. Walimkubali kuwa ndege.

Msitu hulipa gharama

Hamu ya muda mfupi mijini ina bei yake msituni. Tangu katikati ya miaka ya 1970, zaidi ya kasuku wa kijivu milioni moja waliokamatwa porini waliingia katika biashara ya kimataifa, mbali na waliokufa kabla ya kufika sokoni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa nchini Ghana idadi yao ilishuka kwa asilimia 90 hadi 99 tangu mwaka 1992.

Afrika Mashariki na Kati, ndege hawa wanaishi katika misitu ya Kongo, ikiwamo ya mkoa wa Maniema, na ya Uganda. Magharibi mwa Kenya, katika msitu wa Kakamega, wamebaki wachache sana.

Mwaka 2016 mkutano wa mkataba wa kimataifa wa CITES, uliofanyika Johannesburg, uliwaweka katika orodha ya ulinzi wa juu kabisa. Tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu waliokamatwa porini imepigwa marufuku. Sheria za wanyamapori za Tanzania ya mwaka 2009 na Kenya ya mwaka 2013 nazo zinamtaka mtu awe na kibali kabla ya kumiliki mnyamapori. Anayenunua ndege barabarani bila karatasi hununua pia kesi.

Kumfungulia mlango aliyekwisha kuzoea nyumba si suluhisho. Ndege asiyejua kutafuta chakula wala kumkwepa mwewe hufa haraka. Wanaookolewa huhitaji mafunzo ya muda mrefu katika vituo kama kile cha Lwiro, Kivu Kusini, ambacho hupokea kasuku pamoja na nyani na sokwe.

Kabla ya kununua

Kwa anayetamani kufuga, swali la kwanza si kama anampenda kasuku leo, bali nani atampa maji baada ya miaka 25. Familia yenye jibu, yenye watu zaidi ya mmoja wanaomhudumia ndege na yenye kibali halali, inaweza kudumu naye. Ambaye hana jibu hilo ni heri awatazame kasuku wakiwa huru juu ya miti, ambako hawahitaji hamu ya mtu ili waishi.